Kupungua Bila Kulala Njaa

Ukitaka kuona ukarimu wa Wakenya, waambie unataka kupunguza uzito. Kila mtu ana dawa na hakuna anayelipisha. Acha ugali. Acha ugali usiku tu. Kunywa maji ya ndimu na tangawizi kabla jua halijatoka. Kula mara moja kwa siku, saa kumi jioni, halafu funga mdomo hadi kesho. Supu ya kabichi siku saba. Kuna na ile chai ya pakiti inayouzwa mjini: ukiinywa usiku, asubuhi hutoki chooni, na muuzaji anaita hiyo kupungua. Ukizijumlisha dawa zote hizi unapata moja tu: usile.

Mimi nimepungua kilo nane tangu Oktoba, na nimekula kila siku. Nataka kuandika kuhusu hiyo sehemu ya kula, kwa sababu ndiyo watu hawaniamini.

Ilianza na kichwa kilichokuwa kinauma kila jioni. Nikaenda kliniki. Nesi alinifunga kile kitambaa cha presha mara mbili, kwa kuwa hakuamini alichoona mara ya kwanza. 148 kwa 94. Nina miaka 26. Akanipandisha kwenye mizani: kilo 91, na kimo changu ni sentimita 165. "Punguza kilo, mamii," akasema, "tuone kama hii itashuka kabla hatujaanza stori za dawa." Nikamuuliza napunguzaje. Foleni ilikuwa imefika nje ya mlango. "Punguza chakula," akasema, na akaita anayefuata.

Simlaumu, alikuwa na watu arobaini na kiti kimoja. Lakini "punguza chakula" ni nusu ya sentensi. Nipunguze hadi wapi? Kuna mstari ambao nikiuvuka nitakuwa naumia badala ya kupona? Hiyo nusu ya pili ndiyo nilienda kuitafuta, na nilikuwa na sababu yangu.

Njaa naijua. Nilitoka chuo kikuu mwaka wa tatu, muhula wa pili, karo ikiwa imetushinda nyumbani. Watu huniuliza kuhusu karo. Hakuna anayeuliza nilikuwa nakula nini. Muhula ule wa mwisho nilikuwa nakula mara moja kwa siku, chapati mbili na maharagwe kwenye kibanda nyuma ya hosteli, siku ambazo pesa ilikuwepo. Asubuhi ilikuwa chai ya rangi. Nikapungua, ndiyo, na kuna watu walioniambia nimependeza. Lakini nilikuwa nasoma ukurasa mmoja mara nne na bado sijui umesema nini. Nilikuwa nahisi baridi saa saba mchana, jua likiwaka. Nilimchukia mwenzangu wa chumba kwa sababu alitafuna biskuti kwa sauti. Na nilikuwa na tabia ambayo sikumwambia mtu: nilikuwa nasimama mbele ya ubao wa bei pale kantini na kuusoma kutoka juu hadi chini, pilau, matumbo, ndengu, chapati, polepole, kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Halafu naenda zangu.

Kilo zile zilirudi zote ndani ya mwaka, na zingine juu yake, mara tu nilipoanza kupata kazi ya kuandika na kulipwa.

Kwa hiyo watu walipoanza kuniambia nilale njaa ili presha ishuke, jibu langu lilikuwa hapana, hata kabla sijajua sababu za kisayansi. Sababu nilizipata baadaye, kazini.

Kazi yangu ni kuandikia watu makala ambazo hazina jina langu. Wateja wako ng'ambo, nalipwa kwa neno, na habari za uzito ni soko ambalo haliishi. Mteja mmoja aliwahi kutaka mpango wa mlo wa kalori 800 kwa siku, wa mtu yeyote, bila kumtaja daktari popote. Niliirudisha kazi ile. Lakini katika kusomea makala kama hizo ndipo nilikutana na habari ya Minnesota.

Ilikuwa mwishoni mwa Vita Vikuu vya Pili. Ulaya ilikuwa na watu wengi wenye njaa, na hakuna aliyejua vizuri jinsi ya kumrudisha mtu kwenye chakula baada ya njaa ndefu. Mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys, akatafuta watu wa kufanyiwa utafiti. Wakajitokeza vijana 36, wote wanaume waliokuwa wamekataa kushika bunduki kwa sababu ya dhamiri zao. Walikaa chini ya uwanja wa mpira wa chuo. Kwanza walilishwa vizuri, kalori 3,200 hivi kwa siku. Kisha, kuanzia Februari 1945, kwa wiki 24, wakapewa nusu ya hiyo, karibu kalori 1,600: viazi, mkate, makaroni, mboga za mizizi. Na walitakiwa kutembea kama kilomita 35 kwa wiki.

Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Hilo lilitarajiwa. Yaliyonishika ni mengine. Walikuwa wanahisi baridi hata siku za joto. Mapigo ya moyo yalienda polepole. Walikuwa wakali, wakawa na huzuni, hamu ya wapenzi ikaisha. Walilamba sahani. Walivuta mlo mmoja kwa muda mrefu ili usiishe. Na baadhi yao walianza kukusanya vitabu vya mapishi, kuvisoma usiku kama riwaya, watu ambao kabla ya hapo hawakuwa na haja na jikoni.

Niliposoma hapo nilikumbuka ubao wa bei wa kantini. Miaka yote nilidhani ile ilikuwa tabia yangu. Kumbe ni tabia ya njaa. Ingempata yeyote.

Kuna mambo mawili niliyatoa kwenye habari ile. La kwanza ni kwamba vijana wale walichagua. Hakuna aliyewalazimisha, walijua siku itakayoisha, walikuwa na madaktari kando yao. Mwili haukujali. Mwili hauna njia ya kujua kama hakuna chakula kwa sababu mvua haikunyesha, karo haijalipwa au gauni la harusi halifungiki. Unaona tu kwamba hakuna, na unafanya kile unachofanya siku zote: unapunguza joto, unapunguza mwendo, unakula misuli pamoja na mafuta, na unakuwekea chakula kichwani usiku na mchana.

La pili ni ile idadi. Kalori 1,600. Ni kweli wale walikuwa wembamba tangu mwanzo na walitembea sana. Mtu mwenye akiba kama yangu akila 1,600 hatakuwa kama wao. Lakini fikiria sasa mipango ya 800 na 600 inayozunguka kwenye simu zetu, ikitumiwa msichana yeyote, wa kimo chochote, mwenye kazi yoyote. Chini ya 800 kwa siku ni jambo la kufanywa na daktari akikuangalia. Mwongozo unaotajwa sana ni kwamba mwanamke asishuke chini ya 1,200 na mwanamume 1,500 bila usimamizi, na hiyo ni sakafu. Watu wengi wanahitaji kukaa juu yake.

Nikaamua kupiga hesabu yangu mwenyewe. Kalori, kwanza, ni kipimo cha joto tu. Ile inayoandikwa kwenye pakiti ni joto linaloweza kupasha kilo moja ya maji kwa digrii moja. Mwili unatumia joto hilo hata ukilala: moyo, mapafu, ini, figo, na ubongo ambao peke yake huchukua kama sehemu moja ya tano. Si ajabu ukurasa ulikuwa haunipandi. Kuna kanuni ya mwaka 1990 inayoitwa Mifflin-St Jeor ya kukadiria mahitaji hayo. Kwa mwanamke: kilo zako mara 10, ongeza sentimita za kimo mara 6.25, toa miaka yako mara 5, toa 161. Kwangu ilitoka 1,650. Hizo ni za kulala kitandani tu. Nikiongeza kutembea, kufua na kupanda ngazi, inafika kama 2,300.

Nikatoa 500. Ikabaki 1,800.

Kilo moja ya mafuta ya mwili inakadiriwa kubeba kalori 7,700. Ukipunguza 500 kila siku, kwa wiki ni 3,500, yaani karibu nusu kilo. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ndiyo mwendo ambao watu wa afya wengi huuita salama. Na unapopungua, mwili mdogo unatumia kidogo, kwa hiyo mwendo unazidi kuwa wa polepole. Hakuna mtu atapiga picha ya kabla na baada kwa nusu kilo. Ndiyo maana haiuzi.

Nilienda Kamukunji nikanunua mizani ndogo ya jikoni. Serikali, pamoja na shirika la FAO, ilitoa mwaka 2018 jedwali la vyakula vya Kenya, na linapatikana bure mtandaoni. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Mipango mingi ya kupungua inakuja na vyakula vya watu wengine, maziwa ya lozi, sijui kinoa, hadi unaona kupungua ni kwa wenye pesa. Kwenye jedwali lile nilipata omena na unga wa mahindi.

Siku yangu ya kawaida ni hivi. Asubuhi chai ya maziwa yenye kijiko kimoja cha sukari, mayai mawili ya kuchemsha, na kiazi kitamu cha gramu 200: kama 420. Mchana githeri gramu 350 na nusu ovakado: 600. Saa kumi ndizi mbivu: 100. Jioni ugali wa gramu mia za unga, 360. Omena kavu gramu 40, kama 140. Sukuma na nyanya, 60. Na mafuta ya kupikia kijiko kikubwa kimoja, 120. Jumla 1,800. Siku nyingine ni ndengu badala ya omena, au wali badala ya ugali. Ni makadirio, hakuna anayekula kwa desimali.

Angalia ule mstari wa mafuta. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Ya wanga au protini ina 4. Sisi tukipika sukuma hatupimi, tunamimina hadi sufuria ing'ae. Vijiko vitatu vikiingia, umekula kalori sawa na ule ugali wote, na bado utasikia mtu akisema ugali ndio unanenepesha. Ugali umesingiziwa mengi. Mimi sikuutoa mezani. Nilianza tu kupima mafuta.

Protini ndiyo niliishikilia zaidi, kwa sababu mwili ukikosa chakula cha kutosha unaanza kubomoa misuli. Bahati nzuri protini yetu si lazima iwe nyama: mayai, maharagwe, ndengu, omena, maziwa ya lala. Misuli pia inataka kutumiwa. Jimu sina. Lakini naishi ghorofa ya nne mtaa ambao maji hupotea siku tatu kwa wiki, na mtungi wa lita 20 hauna huruma.

Sasa nije kwa binamu yangu, maana bila yeye nisingeandika haya.

Ana harusi Agosti. Januari alianza kujinyima. Wiki tatu za kwanza alitoa kilo sita, na kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp akawa mfano. Mimi na nusu kilo zangu nikawa mzaha. "Wewe endelea na githeri yako," aliniandikia, na emoji za kucheka. Sikumjibu. Nilijua kwamba sehemu kubwa ya kilo za mwanzo ni maji: mwili huhifadhi wanga pamoja na maji mengi, na akiba hiyo ikiisha maji yanatoka nayo. Kupungua kwa mafuta hakuendi kwa kasi hiyo.

Aprili alikuja kulala kwangu. Alivaa sweta mbili ndani ya nyumba. Asubuhi nikaona nywele zake kwenye sinki, si chache. Akaniambia alikuwa ameshika mlango wa matatu asubuhi moja ili asianguke, na kondakta akafikiri amelewa. Halafu, kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa wawili tu, akaniambia hajaona siku zake miezi miwili. Mimba alikuwa amepima, haipo.

Nikamwomba aniambie anachokula. Yai moja. Tufaha. Supu ya kabichi mara mbili. Kipande cha kuku bila ngozi. Kahawa nyeusi. Nikajumlisha nyuma ya risiti: hazikufika 500. Mtoto wa miaka miwili huhitaji karibu mara mbili ya hizo. Yeye mwenyewe, akilala kitandani bila kufanya kitu, mwili wake unataka 1,300 hivi.

"Lakini sisikii njaa tena," akasema, akijitetea.

Hilo ndilo lilinitisha kuliko nywele.

Jumapili tulikuwa kwa cucu. Cucu hajui kalori ni nini, lakini alimwangalia binamu yangu akikata chapati vipande vidogo na kuvisukuma pembeni ya sahani, akamuuliza, "Nani amekukataza kula?" Akasema hakuna. Cucu akaanza kutusimulia kuhusu kiangazi cha 1984, mwaka wa mahindi ya njano, aliyapanga foleni akiwa na baba yangu mgongoni. Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi. Sehemu ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ni hii: "Mwaka ule wanawake wengi hapa hawakushika mimba. Mwili ulikuwa umefunga duka." Alisema hivyo bila kujua chochote kuhusu ile miezi miwili. Binamu yangu aliinamisha kichwa, akala chapati nusu.

Wazee wetu wana hofu na kukonda, na tunawacheka. Tata mmoja aliniona Februari, nikiwa nimetoa kilo tano, akanivuta kando kuniuliza kama niko sawa, kama kuna ugonjwa nimeficha. Nilikasirika kidogo. Baadaye nikakumbuka kwamba kizazi chake kilizika watu. Miaka ya themanini ukimwi ulipoingia, jirani zetu Waganda waliuita "Slim". Kwa tata, kukonda hakujawahi kuwa urembo, ni mwanzo wa matanga. Hayuko sahihi kuhusu kilo zangu tano, lakini swali lake, "unakula?", ndilo swali ambalo mtu yeyote anayepungua anafaa kuulizwa. Kwenye kikundi cha WhatsApp hakuna aliyemuuliza binamu yangu.

Jumatatu nilimsindikiza hospitali. Damu ilikuwa chini. Wakampeleka kwa mtaalamu wa lishe, mama mpole aliyeongea naye nusu saa nzima. Alimweleza kwamba nywele huanza kudondoka miezi miwili au mitatu baada ya mwili kunyimwa, na kwa kawaida hurudi ukianza kula. Kwamba kupungua kwa kasi sana kunaweza kuleta vijiwe vya nyongo. Kwamba hedhi ikikatika mifupa nayo inaanza kulipa. Akasema mambo ninayoyarudia hapa kwa sababu si ya binamu yangu peke yake. Kama una mimba au unanyonyesha, kama unatumia dawa za sukari au presha, kama hujafika miaka 18, usipunguze chakula kwa ushauri wa mtandao au wa makala kama hii. Nenda uonane na mtu. Ukianza kuzimia, kuhisi baridi kila saa au kukosa siku zako, huo ni wakati wa kuongeza chakula na kwenda hospitali. Na ukiona umeanza kuogopa kula mbele ya watu, au namba zimeanza kukunyima usingizi, weka mizani kabatini na utafute wa kuongea naye.

Mimi niko kilo 83. Nusu kilo ile ya hesabu hutoka wiki zingine, na wiki zingine hakuna. Mara ya mwisho presha ilisoma 132 kwa 84. Nesi yule yule aliniuliza nimefanyaje, nikamwambia ninakula, akacheka kama mtu aliyesikia utani. Bado nina kilo za kutoa. Naandika asubuhi, naelewa ninachosoma, na sijui bei za pilau za kantini yoyote hapa Nairobi.

Binamu yangu gauni alilipeleka kwa fundi. Limeachiliwa sentimita nne kila upande, na fundi amesema kitambaa kilikuwepo tangu mwanzo, kilikuwa kimekunjwa ndani. Juzi usiku alinipigia simu. Alikuwa jikoni kwake, maji yakichemka, nayasikia.

"Niambie tena," akasema. "Unga gramu mia ni kiasi gani? Sina mizani."

"Una kile kikombe cha chai cha cucu, cha bati?"

"Ninacho."

"Kijaze hadi chini kidogo ya mdomo. Usishindilie."

Nikasikia unga ukiingia kwenye maji, halafu mwiko.